Bibi Herufi na Kifungu cha Kumi na Nne

Mimi kazi yangu ni kukata karatasi. Naendesha mtambo wa kukatia katika kiwanda cha chapa cha serikali, ndiyo maana wenzangu wananiita Kisu, ingawa mke wangu anashikilia kwamba jina hilo nimelipata kwa ajili ya mdomo. Sheria sikuisomea. Lakini kila sheria iliyotoka kwa miaka kumi na tisa imepita chini ya mtambo wangu nikaisawazisha kingo, na nadhani hilo linanipa haki ya kusema kidogo juu ya ile ya afya, maana kila nikikaa kwa kinyozi naikuta inaelezwa kombo.

Mwenye habari hii ni Bibi Herufi, mpiga chapa wetu mkuu. Miaka thelathini na moja alikaa chumba kimoja, kiti kimoja alichokitilia mto, dirisha linaloangalia ukuta. Alianza na mashine ile ya kugonga mpaka vidole vinaota sugu, baadaye akapewa kompyuta, nayo akaigonga vilevile kama imemkosea. Miwani aliifunga kwa kamba ya kiatu. Kalamu nyekundu haikumtoka sikioni. Nilipoozesha binti yangu nilimpa kadi ya mwaliko, na kesho yake nikaikuta mezani kwangu, ina duara mbili nyekundu na neno "tazama" pembeni. Harusini alikuja, tena na zawadi nzito, akacheza mpaka kiatu kikakatika. Kadi tu ndiyo hakuisamehe.

Mumewe alifariki mapema na watoto hawakujaliwa. Aliyekuwa mtoto wake ni mdogo wake wa mwisho, maana mama yao aliwaacha yule bwana angali ananyonya, na dada mtu ndiye aliyembeba mgongoni akienda naye kujifunza kupiga chapa. Siku hizi ni fundi wa nguo, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, mwenye mvi na maneno mengi. Serikali ilipotangaza kwamba kila mtu ajiunge na mfuko wa afya, yeye alikaidi. "Mimi mzima, nikatibiwe nini? Nikatibiwe uzuri?" Aliimba hivyo mwaka mzima. Kisha miguu ikaanza kuvimba, akapelekwa hospitali, akaambiwa figo zote mbili zimegoma. Wiki ile ile alijiunga na mfuko, tena mbio. Tangu hapo, kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi anafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, saa nne nzima. Akikosa mara moja uso unavimba. Akikosa mara tatu, daktari alimwambia dada mtu wazi kabisa, wasihangaike kumrudisha.

Sasa nifike kwenye hiyo herufi. Miswada ya sheria ilikuwa ikitujia kutoka wizarani imeandikwa kwa mkono na mwanasheria mmoja. Msomi hasa, vyeti vimejaa ukutani. Lakini herufi h ilimshinda. Nadhani kwao walikuwa hawaitamki, akaenda shule akachapwa kwa kuiacha, basi akaamua kuiweka kila mahali isije ikamponza tena. Aliandika "hofisi". Aliandika "hada" na "hongezeko". Sisi tukambatiza Bwana Ha. Bibi Herufi alikuwa akizitoa kimyakimya, mwaka wa kumi na moja huo, na bwana mwenyewe hajui kwamba kuna mtu anamfuta pua.

"Hofisi" haimdhuru mtu. Taabu iko kwa binadamu. Ukiandika habari za kiti, ndiyo na hapana zinaonekana kwa mbali: kitavunjika, hakitavunjika. Mti nao utaanguka au hautaanguka. Mtu ndiye aliyewekewa herufi moja tu kati ya ndiyo na hapana: atakuja, hatakuja, atapona, hatapona. Bwana Ha akikuandikia "Waziri hatateua bodi", ni lazima ujue tabia zake ndipo uelewe kwamba waziri atateua.

Sheria ya afya ilikuwa imefikisha mwaka na nusu walipozuka watu kudai kwamba inakwenda kinyume na Katiba. Wakataka kwenda mahakamani. Kabla ya hapo chama cha mawakili kikaitisha mdahalo wa hadhara, Jumamosi asubuhi, ukumbi wa manispaa, mwenye kutaka aje asikie. Bibi Herufi akasema lazima aende. Katiba aliipiga chapa yeye, sheria aliipiga yeye. Anakwenda kuona kazi zake mbili zikigombana. Fundi naye akasema ataenda, kwa sababu wanaojadiliwa ni yeye. Mimi niliombwa nimshike mkono kwenye ngazi.

Jukwaani walikaa watatu. Katikati jaji mstaafu, mwenyekiti, mzee wa sauti ndogo aliyekuwa akizima kipaza sauti kila akimaliza kusema, kama anabana umeme. Kulia kwake wakili, mama mfupi mwenye mafaili mengi, anayeipinga sheria. Kushoto Bwana Ha, anayeitetea, suti imempendeza.

Wakili alianza. Katiba, alisema, imempa mtu uhuru wa kuingia katika chama na uhuru wa kukaa nje. Sheria hii inamshika mtu shati inamwingiza kwa nguvu. Leo ni mfuko wa afya, kesho utaambiwa ujiunge na kwaya. Watu wakapiga makofi.

Bwana Ha akainuka taratibu. "Ndugu zangu, niwaambieni huyo mnayemtetea ni nani. Ni yule anayekaa nje akiwa mzima, anawacheka wenzake waliojiunga. Siku akiugua ndiyo anakuja mbio, ugonjwa kaubeba kichwani. Katiba hiyo hiyo inasema kila mtu ana haki ya huduma ya afya. Itatoka wapi, kama kila mtu anangoja kujiunga akiwa kalazwa?" Watu wakapiga makofi vilevile. Watu hawana msimamo.

"Ananisema mimi," fundi akaninong'oneza. "Kabakiza kutaja jina tu."

"Nyamaza," akasema dada yake.

"Si uongo lakini, dada."

"Ndiyo maana," Bwana Ha akaendelea, "tumeweka muda wa kusubiri. Aliyejiunga leo hatatibiwa leo. Atangoja miezi kumi na miwili, sawa na anayepanda shamba akangoja mavuno."

Wakili akasimama na kitabu cha sheria mkononi, kidole kimeshika ukurasa. "Mheshimiwa mwenyekiti, huo muda wa kusubiri mimi siuoni. Nasoma kifungu cha kumi na nne: Mwanachama ambaye hajatimiza miezi kumi na miwili atatibiwa katika hospitali za mfuko."

"Hatatibiwa," akasema Bwana Ha.

"Atatibiwa."

"Mama, umesoma vibaya. Hatatibiwa!"

"Macho yangu mazima, bwana. Hakuna h hapa. Mimi nilikuwa nakuja kuisifu sehemu hii peke yake!"

Ukumbi ukaanza kucheka. Bwana Ha akafungua kitabu chake, akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa tai, akavaa tena. Ilikuwa wazi kwamba hajakifungua tangu kitoke. Mwaka na nusu hospitali zilikuwa zikisoma kilichoandikwa na kutibu watu, na mwandishi hana habari. Jasho likamtoka.

"Hili ni kosa la kiwanda cha chapa!" akasema. "Mimi niliandika h. Hawa watu wa chapa wameiangusha."

Jaji akawasha kipaza sauti. "Kuna mtu wa kiwanda cha chapa humu ndani?"

Hapa nieleze jambo moja. Miswada ya mkono tunaihifadhi mwaka mmoja, kisha inaletwa kwangu. Ule wa sheria ya afya niliukata mwenyewe miezi mingi nyuma, vipande vyembamba vya kufungia vyombo. Hapakuwa na karatasi yoyote duniani ya kuonyesha kama ile h ilikuwepo. Ilibaki kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega.

Nikamshika mkono. "Dada, umesahau," nikamwambia chinichini. "Mwaka na nusu umepita. Nani atakushangaa?"

Fundi alikuwa anatazama viatu vyake. Alikuwa na miezi mitano tu kwenye mfuko.

Bibi Herufi akasimama. "Mimi ndiye niliyepiga chapa."

"Mama, karibu," akasema jaji. "Unakumbuka muswada ulivyoandikwa?"

"Nakumbuka. H ilikuwepo. Niliitoa mimi."

Bwana Ha akapiga meza kwa furaha. "Mmesikia!"

"Kwa nini uliitoa, mama?" jaji akauliza.

"Kwa sababu mheshimiwa huyu huweka h mahali isipotakiwa. Muswada ule ulikuwa nazo arobaini na moja za namna hiyo. Aliandika 'Waziri hatateua bodi'. Aliandika 'Mkurugenzi hatakula kiapo'. Aliandika 'Mwanachama hatapewa kadi'. Nilizitoa zote, kama ninavyozitoa siku zote. Nilipofika kifungu cha kumi na nne nilisimama kidogo. Nikajiuliza, na hii? Nikakumbuka Katiba, nimeipiga chapa kwa mikono hii, inasema kila mtu ana haki ya huduma ya afya. Nikaona sheria haiwezi kuja nyuma yake iseme mgonjwa hatatibiwa. Nikajua amekosea kama kawaida. Nikaitoa."

Watu walivunjika mbavu. Mzee mmoja nyuma yangu alikuwa anajipiga mapaja. Wakili naye akaona pa kuingilia: kama h ya kifungu cha kumi na nne inarudi, na zile arobaini nyingine je? Waziri asiteue bodi, mkurugenzi asile kiapo, tufunge mfuko twende nyumbani? Ukumbi ukapiga kelele. Bwana Ha alikuwa amebadilika rangi, na nikimwangalia vile sikumwonea huruma hata kidogo, nakiri.

Jaji alingoja wanyamaze. Akamgeukia. "Mheshimiwa, jibu moja tu. Ile ya kifungu cha kumi na nne uliikusudia?"

"Niliikusudia," akasema Bwana Ha. Sauti ilikuwa imetulia, na nadhani alisema kweli. "Bila hiyo mfuko hautasimama. Wizara itatoa tangazo la masahihisho wiki hii hii."

Kicheko kikakatika. Fundi akainuka, ameshika kiti cha mbele. "Mheshimiwa, samahani. Mimi ndiye huyo uliyekuwa unamsema. Nilikaa nje nikacheka watu, kweli. Sasa niko mwezi wa tano, na nasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Naomba kuuliza tu. Keshokutwa niende au nisiende?"

Jaji alisema huu ni mdahalo, si mahakama. Bwana Ha alimtazama fundi, kisha akatazama karatasi zake. "Kwa sasa nenda," akasema. "Mpaka masahihisho yatoke."

Tuliteremka ngazi polepole, fundi katikati. Kwenye kona ndipo aliposema, "Dada, ungesema umesahau tu."

"Nisingeweza."

"Neno moja, dada. Nimesahau."

"Aliniuliza mbele ya watu, mdogo wangu. Nisingeweza."

Siku tatu fundi hakumsemesha dada yake. Hakumgombeza, jambo ambalo lingekuwa afadhali. Alikuwa anakula, anasema asante, anaingia chumbani kwake. Dada mtu alinisimulia hayo saa ya chakula, macho makavu, mkate hajaugusa. "Kumfundisha kusema kweli nilimfundisha mimi, Kisu. Kwa fimbo. Sasa alitaka nifanyeje?" Nikamwambia, "Hata mimi nimekukasirikia, dada," na ilikuwa kweli, nilikuwa nimemkasirikia mpaka usingizi ukanipaa. Akatikisa kichwa, akaniachia mkate wake.

Jumanne meneja alimletea barua ya onyo. Kuanzia sasa, ilisema, muswada uchapwe kama ulivyoandikwa, mpiga chapa asiongeze wala asipunguze hata nukta. Aliisoma, akazungushia duara mahali palipokosa koma, akaiweka kwenye faili.

Wiki hiyo Bwana Ha alikiona cha moto. Gazeti moja lilimsalimia kwenye ukurasa wa kwanza: "Habari za hasubuhi, Bwana Ha?" Jina tulilompa sisi kwa siri likawa la nchi nzima. Wizarani, nasikia, makarani walikuwa wakipishana naye kwenye korido wanahema kwa nguvu, haa, haa, kama waliopanda kilima. Mtu akifanyiwa hivyo lazima achanganyikiwe. Alichofanya ni kuzifukuza h zote, za haki na za batili, zisimwone tena.

Tangazo lake likatufikia Alhamisi saa tano asubuhi. Saa hiyo fundi alikuwa hospitali, amelala ubavuni mwa mashine. Bibi Herufi akaniita. "Kisu, njoo usome."

Nikasoma. Mwandiko ulikuwa ule ule, mzuri wa kulalia kulia. "Masaiisho kuusu uduma za afya. Kifungu cha 14: neno 'atatibiwa' lifutwe, na badala yake lisomeke neno 'atatibiwa'."

Nikaanza kucheka. Yeye hakucheka. "Hiki sicho alichotaka kusema," akaniambia.

"Najua. Na wewe umeambiwa usiguse."

Akavuta simu, akapiga wizarani, akaomba aunganishwe naye. Sauti ya Bwana Ha niliisikia nilipokuwa nimesimama.

"Shikamoo mheshimiwa, napiga kutoka chapa. Nimepata tangazo lako. Hapa juu umeandika 'kuusu'..."

"Dada, barua ya meneja wako uliipata?"

"Niliipata."

"Inasema nini?"

"Inasema nichape kama ilivyoandikwa."

"Basi chapa kama ilivyoandikwa! Aibu uliyonitia haikutoshi? Sitaki tena unisahihishe, umenielewa? Hata nukta!" Akakata.

Bibi Herufi akarudisha simu polepole. Nikamuuliza, "Mbona umemuuliza 'kuusu'? Lile lingine mbona hukulitaja?"

"Hakunipa nafasi."

"Alikupa."

Akaigeukia kompyuta. Mistari minne, kazi ya dakika mbili kwa vidole vile, ilimchukua nusu saa. Kwenye "kuusu" alifumba macho kama anayemeza dawa chungu. Akachapa, akatoa nakala ya kwanza, akaiweka mezani, akachomoa kalamu nyekundu sikioni.

Kwetu ukurasa hauendi popote mpaka mpiga chapa mkuu aandike "Sawa" na kutia sahihi. Neno hilo alikuwa ameliandika mara nyingi kuliko jina lake. Juu ya kosa analolijua hakuwahi kuliandika, hata mara moja, na mimi ni shahidi wa miaka kumi na tisa.

"Ukumbini niliulizwa," akasema, kalamu ikiwa hewani.

"Ndiyo, dada."

"Leo nimeuliza mimi."

Akaandika "Sawa". Akatia sahihi, akaniwekea karatasi mkononi, kisha akalaza kichwa mezani akalia kwa sauti, yule mama ambaye nilidhani hata machozi yake hukaguliwa kabla ya kutoka. Nilimhurumia sana na sikujua nimshike bega au nimwache. Nikaenda mtamboni nikasubiri zichapwe, nikakata nakala mia nane.

Zilisambazwa hospitali zote. Huko, nasikia, wakasoma, wakatazamana, wakaona wizara imesisitiza, wakaziweka kwenye faili na kuendelea kutibu. Bwana Ha hakusoma tangazo lake, kama ilivyo desturi yake. Kesi ya Katiba iliendelea bila haraka na mpaka leo haijakwisha.

Mwezi uliofuata Bibi Herufi aliomba kustaafu, amebakiza miaka miwili. Meneja akamuuliza kulikoni, akasema macho. Macho yalikuwa mazima; kutoka mlangoni kwetu alikuwa anasoma nambari za magari getini. Mimi aliniambia kwamba hawezi tena kukaa kwenye kile kiti.

Fundi alitimiza miezi yake kumi na miwili, akatimiza na mingine. Bado anakwenda Jumatatu na Alhamisi, siku nyingine anashona, na dada yake anakaa naye dukani akimtungia uzi kwenye sindano. Nikipita huko namkuta anawasimulia wateja habari ya sheria ile. Yule mheshimiwa, anasema, ana roho nzuri jamani, aliniona pale ukumbini nimesimama, akaenda nyumbani akafikiri, akabadili mawazo. Mtu baki kabisa! Halafu anamwonyesha dada yake kwa kidole. "Na huyu, damu yangu, alitaka kuniua kwa herufi moja." Wateja wanacheka, na dada naye anacheka. Mara mbili nimefungua mdomo nimwambie ukweli, na mara zote mbili Bibi Herufi alinikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu zake zote.